MTOTO WA KARIAKOO ANALELEWA NA NANI?

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hutamkwa harusini, shuleni na barazani, na kila anayeitamka huitamka kama mtu aliyekwisha kukata shauri. Lakini hebu tuitazame tena, ndugu msomaji. Anayeambiwa katika methali hiyo ni mtu mmoja tu: umleavyo wewe. Je, huyo "wewe" ni nani katika mitaa ya Kongo, Narung'ombe, Sikukuu na Tandamti, ambako mama hupanga bidhaa mezani kabla jua halijapanda, baba husukuma mkokoteni au husimama dukani mpaka usiku, na mtoto wa miezi 14 hushinda chumbani na msichana aliyeletwa kutoka mikoani, ambaye mwenyewe bado ni mtoto?

Swali hili halikusudiwi kuwatia wazazi aibu. Mfanyakazi wa mjini haondoki alfajiri kwa sababu hampendi mwanawe. Huondoka ili mwanawe apate kula. Lakini ipo miaka mitatu ya mwanzo katika maisha ya binadamu ambayo haimsubiri mzazi amalize kuuza, na yale tuyajuayo sasa juu ya miaka hiyo yanatulazimu kulijibu swali hili waziwazi, kila nyumba kwa nafasi yake.

UANI PALIKUWA NA WATU

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokaa mahali pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika viwanja vyake zilijengwa zile nyumba tunazoziita nyumba za Kiswahili: vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati unaotoka barazani mpaka uani, na huko uani jiko, choo, bafu na kamba ya kuanikia nguo. Kila chumba kilikuwa na watu wake. Mzaramo alipakana na Mmanyema, Mnyamwezi akapakana na Mndengereko, na wote walikutana uani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kupikia.

Mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama ile alikuwa na mama mmoja wa kumzaa na masikio mengi ya kumsikia. Akilia, aliye karibu alimnyanyua. Bibi wa chumba cha mbele alimwita "mume wangu" na kumdai posho. Kijana wa chumba cha nyuma alimrusha juu na kumdaka. Watoto wakubwa walimfanya mwanasesere wao. Silabi yake ya kwanza ilipotoka, ilijibiwa na watu watatu au wanne kwa pamoja, tena kwa vicheko. Hakuna aliyeketi kupanga malezi hayo. Yalitokana tu na umbo la nyumba.

Tusiipambe mno picha hiyo. Uani palikuwa pia na moshi, maji machafu na surua, na watoto wengi walizikwa. Hata kufikia mwaka 1999, uchunguzi wa afya ya jamii nchini ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Chanjo, vyandarua na kliniki vimefanya kazi kubwa, na asiyeona hivyo hakumbuki misiba ya zamani. Jambo ninalotaka tulione ni jingine: kadiri tulivyozidi kufaulu kumwokoa mtoto asife, ndivyo watu wa kumwitikia walivyozidi kupungua.

Nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo zimebomolewa, na ghorofa zimesimama mahali pake: chini fremu za maduka, katikati maghala, na vyumba vichache vya kuishi juu. Familia nyingi zimehamia Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika na kwingineko, na mama huamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala ya kumrudisha sokoni kule kule alikohama. Kwa hiyo nisemapo mtoto wa Kariakoo simaanishi tu yule alalaye Kariakoo. Namaanisha pia yule ambaye Kariakoo humchukua mama yake alfajiri na kumrudisha usiku. Isitoshe, mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Biashara itapata faida yake, na hilo ni jema. Lakini kila saa inayoongezwa sokoni hupunguzwa mahali pengine.

KINACHOKUA NI NINI?

Mzazi huona mtoto akikua kwa macho: nguo zinabana, meno yanaota, viatu havitoshi. Kilicho kikubwa zaidi hakionekani. Ubongo wa mtoto anapozaliwa huwa na uzito wa kadiri ya robo ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo umri wa miaka mitatu umekwisha kufika kiasi cha sehemu nne kati ya tano. Ndani yake hujengwa nyuzi zinazounganisha chembe moja na nyingine, nyingi kuliko atakazozihitaji. Zile zinazotumika kila siku huimarika, na zile zisizotumika hunyauka na kupotea. Ni kama njia za miguu katika kiwanja chenye majani: inayopitwa na watu hubaki nyeupe, isiyopitwa humezwa na nyasi.

Jambo hili lilithibitishwa kwa namna ya kupendeza hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950, madaktari waliokuwa Kampala waliwapima watoto wachanga na kuona kwamba waliwahi kuketi na kusimama kuliko watoto wa Ulaya. Watu wakaanza kusema kwamba ni tabia ya kuzaliwa nayo. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Charles Super, alikwenda kukaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, akafanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya sana: aliwatazama akina mama. Aliona kwamba walikuwa wakiwafundisha watoto kuketi, wengine kwa kuwachimbia kishimo kidogo ardhini na kuwaweka humo ili wasianguke. Walikuwa wakiwashika makwapani na kuwatembeza. Watoto wale waliketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani kwa kadiri ya mwezi mmoja. Lakini katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama vile kujigeuza walalapo au kutambaa, hawakuwatangulia wenzao hata kidogo.

Basi mama wa pwani anapomshika mwanawe mikono miwili na kumhimiza asimame dede, hafanyi mchezo wa kupoteza wakati. Anaikanyaga njia ile ili isimezwe na nyasi.

Na moyo nao una njia zake. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika elimu ya nafsi ya mtoto, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akawatazama watoto wao 28 kwa miezi kadhaa. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Aligundua kwamba mtoto aliyemzoea mama yake kwa amani hamng'ang'anii mchana kutwa. La hasha. Humwacha, akatambaa mpaka mlangoni, akageuka kumtazama kama bado yupo, kisha akaendelea na safari yake. Mama ni bandari. Chombo hutoka kwa sababu kinajua pa kurudi. Watoto wenye amani hiyo aghalabu walikuwa na mama aliyewajua kwa undani, aliyeweza kumweleza mgeni mtoto wake analala vipi, anapenda nini, analiaje anapokuwa na njaa na analiaje anapokuwa na usingizi. Aliona pia kwamba mtoto huweza kumzoea mtu zaidi ya mmoja. Hapa ndipo palipo tumaini la mzazi afanyaye kazi, na ndipo palipo hatari yake vilevile, kama tutakavyoona.

MAZIWA NA MANENO

Uchunguzi ambao kila mzazi wa mjini angepaswa kusimuliwa ulifanyika mbali nasi, katika mitaa ya maskini ya Kingston, Jamaica, kuanzia mwaka 1986. Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa kilo moja ya chakula cha maziwa ya unga kila juma. Kundi la pili halikupewa chakula, bali mhudumu wa afya wa mtaani aliwatembelea nyumbani saa moja tu kila juma, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, kama vile makopo na chupa tupu. Kundi la tatu lilipata yote mawili. La nne halikuongezewa kitu. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka miwili, kisha yakasimama.

Miaka 20 hivi baadaye watafiti waliwatafuta watoto wale, sasa watu wazima wanaojitegemea. Wale waliochezewa na kuzungumziwa walikuwa wakipata mapato yaliyowazidi wenzao kwa asilimia 25. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya namna hiyo. Saa moja kwa juma, ndugu msomaji, na makopo matupu!

Bila shaka haikuwa ile saa moja tu iliyofanya kazi. Mama aliyeonyeshwa namna ya kucheza aliendelea kucheza mhudumu alipokwisha kuondoka. Na kuzungumza na mtoto hakuhitaji kutengewa wakati. Kariakoo imejaa masomo. Unapopanga nyanya, zipange mafungu mbele yake na kumhesabia: moja, mbili, tatu, nne, na moja ya nyongeza. Unapoosha mchele mwambie maji ni baridi. Unapomfunga mbeleko mwambie mnakwenda wapi na mtapita kwa nani. Atakujibu kwa macho kwanza. Kufikia miezi sita au saba atakujibu kwa ba-ba na ma-ma. Karibu na mwaka atatoa neno, na akikaribia miaka miwili ataunganisha mawili. Asemapo "maji," usimpe tu kikombe ukanyamaza. Mwambie, "Unataka maji? Haya, maji haya hapa." Umemrudishia neno lake likiwa limekua.

Wapo akina baba wanaoona aibu kuzungumza na mtu asiyeweza kujibu. Watu hao hao huzungumza na redio dakika 90 mfululizo Simba inapocheza na Yanga, na redio haijawajibu hata siku moja.

Swali la lugha nalo hunisumbua. Mtoto wa Kariakoo husikia Kiswahili mtaani, Kichaga au Kikinga kwa babu, Kigujarati dukani, na siku hizi hata Kichina. Asiogopewe kuchanganyikiwa, watoto wa mji huu wamekua na lugha mbili tatu tangu zamani na hawakuwa mabubu. Kinachonitia wasiwasi ni mzazi anayeamua kuzungumza na mtoto wa mwaka mmoja kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hakimtoshi, ati ili mtoto asichelewe. Mzazi huyo hubaki na maneno 50 ya kuamrisha: njoo, kaa, kula, acha. Hana ya kutania, hana ya kubembeleza, hana vitendawili. Mpe mtoto lugha unayoimiliki, yenye utani na hadithi zake. Kiingereza atakikuta shuleni juu ya msingi huo.

Ama simu, hapo sitakawia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefika miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Sababu ni nyepesi. Katuni husema, lakini haimngoji mtoto aseme.

SOKO LIMEJAA, KIBAKULI JE?

Yafaa tuseme juu ya chakula, kwani ubongo haujengwi kwa maneno matupu. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, yaani urefu wao haulingani na umri wao. Sasa tazama ajabu hii. Mkoa uliokuwa na udumavu mkubwa kuliko yote ulikuwa Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, kadiri ya nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayotushushia mahindi, viazi na maharage katika masoko yetu! Gunia lililojaa si sawa na mtoto aliyeshiba. Mama wa Njombe yuko shambani kutwa kama vile mama wa Kariakoo alivyo mezani kutwa, na uji uliopikwa asubuhi huwangoja wote wawili mpaka jioni.

Kisa chenyewe kimo ndani ya uji. Tumbo la mtoto wa miezi minane halichukui zaidi ya kikombe kimoja kwa wakati mmoja. Uji mzito hauwezi kumezwa na mtoto huyo, kwa hiyo mlezi huuongezea maji. Uji mwepesi humezwa vizuri lakini kikombe chote ni maji, na tumbo hujaa kabla mwili haujapata kitu. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilieneza dawa ambayo bibi zetu waliijua kwa sababu nyingine, yaani kutengeneza pombe: kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uache ukiwa na unyevu na umefunikwa siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike juani, upukute machipukizi na kuusaga. (Ukitumia mtama, machipukizi lazima yaondolewe yote, maana yana sumu.) Pika uji mzito, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Utauona ukilainika machoni pako bila kuongeza hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke, kisha umpe mtoto. Chakula ni kile kile cha uji mzito, nacho humezwa kama uji mwepesi.

Neno moja juu ya ule unga wa lishe wenye nafaka saba unaouzwa katika pakiti. Wingi wa nafaka si wingi wa lishe. Mahindi na karanga hushambuliwa upesi na sumukuvu, na sumu hiyo huweza kuudhuru ukuaji wa mtoto. Unapochanganya vitu saba, punje moja mbovu huviharibu vyote na huioni tena. Nunua nafaka moja au mbili nzuri, uzichague punje kwa punje, na protini umpe kwa dagaa, maharage au yai.

Na amlishaye ni nani? Mtoto wa mwaka mmoja hali kwa dakika tano. Hula, hugeuka, huchezea kijiko, hutema, hutaka tena. Mlezi mwenye haraka humbana pua na kumnywesha, au huchukua bakuli akidhani ameshiba. Kliniki, kadi ya mtoto itaonyesha mstari uliolala badala ya kupanda. Mstari huo usiudharau hata kama bado uko juu, kwani uelekeo wake ndio habari yenyewe.

YULE DADA

Sasa tumrudie msichana tuliyemwacha chumbani. Twamwita dada. Jina hilo ni zuri, lakini mara nyingi halifuatani na heshima ya dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye miaka 14 apewe kazi nyepesi tu. Kumlea mtoto mchanga saa 14 kwa siku, pamoja na kufua, kupika na kuchota maji ghorofa ya nne, sitakubali kamwe kwamba ni kazi nyepesi.

Ila hata pale dada ni mtu mzima na ana umri wa haki, lipo jambo ambalo wengi wetu hatulitazami. Tulisema kwamba mtoto huweza kumzoea mtu zaidi ya mmoja. Dada akaaye naye kutwa ndiye anayekuwa bandari yake. Kisha dada hugombana na mama mwenye nyumba juu ya sukari au mshahara, akafukuzwa usiku, na kesho yake analetwa mwingine. Mtoto hulia siku tatu, hakuli vizuri, huamka usiku. Sisi twasema anaota meno. Mtoto aliyebadilishiwa walezi watatu katika mwaka mmoja amefiwa mara tatu, na hakuna aliyempa pole.

Kwa hiyo, mama mwenye kazi, kama unaye dada, ndiye "wewe" wa ile methali kwa sehemu kubwa ya siku. Mlipe kwa wakati. Mfundishe yale ya Kingston. Mwulize jioni, kabla ya kuuliza sahani zilizovunjika, mtoto leo amesema nini. Akiondoka, aage, na yule mpya akae na mwenzake siku mbili au tatu ikiwezekana. Gharama ya siku hizo si kubwa kuliko dawa za kikohozi tunazonunua kwa mtoto mwenye huzuni.

CHUMBA KIMOJA SOKONI

Mwajiriwa ana kinga ya sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004: mama hupata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, arudipo kazini huruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na baba hupata siku zisizopungua 3. Zidaini haki hizo. Lakini mama wa vitenge Mtaa wa Kongo, mama lishe wa Gerezani na muuza mboga hawana mwajiri. Likizo yao huishia siku akiba inapoishia, na wengi wao hurudi mezani mtoto akiwa na wiki chache. Huko humlaza ndani ya boksi chini ya meza, kati ya moshi wa pikipiki na miguu ya wapita njia.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1970 Umoja wa Wanawake ulianzisha vituo vya kulelea watoto mijini na vijijini, na mwaka 1981 Bunge lilipitisha sheria ya vituo hivyo, ambayo baadaye ilifutwa na mahali pake kuchukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayotaja pamoja afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji. Maandishi yapo, tena mazuri.

Vituo vya watu binafsi navyo vipo, na vingine ni vyema. Unapokwenda kukitazama, usivutiwe na picha za ukutani. Uliza kama kimesajiliwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Hesabu watoto kwa mlezi mmoja. Kisha simama mlangoni dakika kumi na usikilize: mtoto akilia, nani anamwendea, na mlezi anazungumza na watoto au anawapigia kelele tu? Shule za vidudu zinazomkalisha mtoto wa miaka miwili na nusu juu ya benchi akariri herufi kwa sauti ya kwaya huwafurahisha wazazi kwa daftari, lakini umri huo ni wa mchanga, maji, makopo na mchezo wa baba na mama.

Wenzetu wamejaribu. Mwaka 1969 huko Delhi, India, Meera Mahadevan aliona watoto wachanga wa vibarua wakilala katika vumbi la mahali pa ujenzi, akaanzisha kituo cha kuwalea pale pale kazini. Kazi hiyo ilienea ikapata jina la Mobile Creches. Katika soko la Makola, Accra, wanawake wachuuzi walijianzishia kituo chao. Shabaha ilikuwa moja: mtoto awe mahali ambapo mama anaweza kumfikia kwa miguu, amnyonyeshe, arudi kuuza.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanajua kuungana. Mei 2023 walifunga maduka kwa ajili ya kodi, na Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Umoja wenye nguvu kiasi hicho unaweza pia kukaa na uongozi wa soko na wa Jiji na kuzungumzia chumba. Fremu moja ambayo haipo barabarani ingetosha kuanzia. Ndani yake mkeka, bomba la maji, choo kidogo, pazia na kiti kwa mama anayenyonyesha, kapu la makopo na vifuniko vikubwa visivyoweza kumezwa, na walezi waliofunzwa, kila mmoja na watoto wasiozidi wanne au watano wa umri wa kutambaa. Ada ikusanywe kila siku jioni pamoja na ushuru mwingine, maana mchuuzi hulipa kwa siku, si kwa mwezi; na mlango ufunguliwe saa kumi na moja alfajiri, wakati malori ya mboga yanaposhusha mizigo, wala si saa mbili ya ofisini.